Umeme ulikatika, asubuhi sebule imejaa maji chumvi: nibadilishe pampu au mabomba?

Mdogo wangu wa Tabata ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Shikamoo mtaalamu. Nina tangi la maji chumvi sm 120 kwa 50 kwa 50, sampu (tangi dogo la kuchujia maji) iko kabatini chini ni sm 80 kwa 40 kwa 40, naijaza nusu. Kwenye kona kuna boksi la sm 20 kwa 20 lenye matundu mawili chini, la inchi moja linashusha maji na la robo tatu linapandisha. Fundi alisimamisha bomba moja wazi, linakoroma kama choo kinachovuta maji, hatulali. Bomba la kupandisha mdomo wake uko kama sm 13 chini ya maji. Juzi umeme umekatika usiku, asubuhi nimekuta maji sebule nzima, nimekausha karibu ndoo nzima ya lita 20. Fundi anasema pampu ni kubwa nibadilishe, pampu imeandikwa lita 3000 kwa saa. Mwingine anasema nitoboe tundu lingine. Nifanye nini?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana, maji chumvi kwenye sakafu siyo mchezo, hasa kama yamefika kwenye ekstensheni, ntakuja huko. Pampu usibadilishe, na kioo usitoboe. Matundu uliyonayo yanatosha kabisa, kilichokosewa ni kazi ambayo kila tundu limepewa. Ila kabla sijafika kwenye mabomba nataka uelewe kwanza maji yalifikaje sakafuni, maana wengi wanarekebisha kelele wanaona wamemaliza, halafu umeme unakatika tena na wanafurika tena.

Chukua kalamu tupige hesabu pamoja. Tangi lako la juu ni 120 kwa 50, yaani kila sentimita moja ya maji pale juu ni lita 6. Sampu yako ni 80 kwa 40, kila sentimita ni lita 3.2. Ukiijaza nusu, sm 20, nafasi iliyobaki juu ni sm 20, sawa na lita 64. Sasa umeme ukikatika pampu inasimama, lakini lile bomba la kupandisha limejaa maji na mdomo wake umezama sm 13, kwa hiyo maji yanageuka yanarudi chini yenyewe kupitia kwenye pampu, ni kitu kilekile cha kuvuta mafuta kwenye pipa kwa mpira, ukishaanza hausimami mpaka mdomo wa juu upate hewa. Na mdomo wako utapata hewa maji yakishashuka sm 13. Sm 13 mara lita 6 ni lita 78. Ongeza maji kidogo yanayokuwa kwenye boksi na kwenye mabomba, weka lita 4 au 5. Hapo una lita 82 au 83 zinatafuta pa kukaa na sampu ina nafasi ya 64. Zilizozidi ni kama lita 19, ndo hiyo ndoo yako uliyokausha. Pampu haihusiki kabisa, hata ungeweka pampu nusu ya hiyo maji yangerudi yaleyale kwa sababu yanarudi ikiwa imezimwa.

Kwa hiyo leo usiku, kabla ya kununua chochote, nyanyua ule mdomo. Kama ni ile midomo ya kuungaunga ongeza kipande au geuza uelekee juu, mpaka tundu lake liwe sm 1 au 1 na nusu tu chini ya uso wa maji. Utasikia watu wanashauri toboa katundu kadogo ka milimita 3 au 4 kwenye bomba karibu na uso wa maji ili kaingize hewa, na kweli kanafanya kazi, mimi pia naweka, ila usikategemee peke yake. Mwani unakaziba, konokono mdogo anakaa hapo, chumvi inaganda, na hutajua mpaka siku umeme umekatika. Vilevile valvu ya kuzuia maji kurudi, ile ya kufunguka upande mmoja, kwenye maji chumvi inaota chokaa na haifungi vizuri, mtu anailalia usingizi mzito halafu ndo inamwangusha. Mdomo kuwa juu hauna cha kuziba wala kuharibika, ndo maana naupenda.

Tukimaliza hilo, tuje kwenye kukoroma.

Bomba lililosimama wazi mdomo juu haliwezi kukaa kimya, na siyo kwamba fundi alifunga vibaya. Maji yanaingia yakizunguka yanashika ukuta wa bomba, katikati inabaki hewa. Boksi likipanda kidogo maji yanaziba mdomo wote, bomba linajaa, linakuwa saifoni kamili, yaani ule mvuto wa mpira wa mafuta, linanyonya kwa nguvu kuliko pampu inavyoleta, boksi linashuka ghafla, linavuta hewa, krooo, linakatika. Linaanza upya. Hivyo hivyo usiku kucha kila baada ya sekunde kadhaa. Ile hewa inayonyonywa inashuka nayo mpaka sampu, inapasuka kuwa povu dogodogo, pampu inalibeba linapanda juu ndo unaona maji yana ukungu wa vipovu, na matone yanayoruka yanaacha chumvi nyeupe kwenye kabati na kwenye taa.

Kuna njia tatu ambazo wafugaji wa samaki wa matumbawe wanazitumia sana duniani, na majina yake yametokana na wafugaji wenyewe waliozitangaza. Ya kwanza ni Durso, bomba moja lenye tii (kiungio cha umbo la T) juu na kifuniko chenye katundu ka hewa, maji yanaingia kwa pembeni chini ya uso. Inapunguza kelele sana lakini bado hewa inashuka pamoja na maji, na bomba ni moja tu, likiziba huna pa pili. Ya pili ni Herbie, mabomba mawili, moja ni saifoni kamili isiyo na hewa kabisa inayodhibitiwa na valvu, la pili ni la dharura. Ya tatu ni BeanAnimal, mabomba matatu, saifoni, la wazi linalopitisha maji kidogo, na la dharura kavu. Kama ungekuwa unaagiza tangi jipya leo ningekwambia mwambie fundi kioo atoboe matatu na usihangaike na mengine, hiyo ya tatu inajirekebisha yenyewe, la wazi lina kampira ka hewa ambako maji yakipanda yanakaziba, na palepale bomba linageuka saifoni ya pili bila mkono wa mtu. Ila wewe una matundu mawili na tangi lina maji na samaki. Wewe ni Herbie.

Sasa hapa ndo penyewe. Bomba la kupandisha maji halina ulazima wa kupita kwenye tundu. Lipitishe nje nyuma ya tangi, likunje juu ya ukingo liingie kwa juu. Likifichwa lingependeza zaidi, nakubali, lakini inakuachia tundu la robo tatu bure. Na watu wengi wakifika hapa wanaweka saifoni kwenye la inchi moja na dharura kwenye la robo tatu kwa sababu wanaona saifoni ndo inafanya kazi kubwa. Mimi nageuza. Saifoni ikiwa imejaa maji tupu haina hewa, inapitisha maji mengi ajabu kwa unene wake. Bomba la robo tatu lenye mshuko wa kama mita moja na kona chache linaweza kupitisha karibu lita 2000 kwa saa, la inchi moja linaenda zaidi ya 3000. La dharura ndo lile litakalobeba mzigo wote siku saifoni imeziba, tena litaanza likiwa na hewa ndani, kwa hiyo lipewe tundu kubwa. Saifoni weka robo tatu, dharura weka inchi moja.

Utauliza kama robo tatu itatosha pampu yako ya 3000. Hiyo 3000 ni ya kwenye karatasi, maji yakiwa hayapandi popote. Ukipandisha mita moja na nusu na kona mbili tatu inashuka sana, na njia ya kujua ni ndoo tu. Peleka mdomo wa kupandishia kwenye ndoo yenye alama ya lita 10, hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 24 ni lita 1500 kwa saa. Kwa tangi la lita 300 hiyo ni mara tano kwa saa na inatosha kabisa, zamani watu walikuwa wanasema mara kumi, lakini mzunguko wa ndani ya tangi siku hizi unafanywa na zile pampu za mawimbi, sampu kazi yake ni kuchuja na kubeba skima (kifaa cha kutoa uchafu kwa povu) tu. Ikijaa haraka kuliko hapo basi banisha kwa valvu upande ambao pampu inatoa maji, usibane upande inaovuta, utaiua. Usizidishe 1500 kwa mpangilio huu, acha nafasi ya valvu kucheza.

Vifaa. Hapa naomba usome polepole maana hapa ndo nimeona watu wanapoteza viumbe. Ukienda duka la hardware ukasema nataka geti valvu, utapewa ya shaba nyeusi au ya njano, nzito, nzuri, fundi bomba yeyote atakusifia. Usiichukue. Ndani yake kuna shaba, na shaba ikiingia kwenye maji chumvi hata kidogo sana inaua kamba, konokono, na matumbawe, samaki wanaweza wakabaki wakiogelea ukafikiri tatizo ni jingine. Nimewahi kuitwa kwenye nyumba moja ambayo kamba walikufa wote ndani ya wiki, tumepima kila kitu, mwisho nikainama chini ya kabati nikaona valvu ya njano inang'aa na nipo (kipande kifupi cha kuungia mabomba) ya njano pembeni yake. Ile kitu iliniuma. Kwa hiyo kila kinachogusa maji kiwe plastiki, PVC, hata kipande kimoja cha chuma kisiwepo, mabomba ya chuma yale ya mabati yanaoza na kutoa kutu.

Geti valvu ya PVC inapatikana ila siyo kila duka. Tafuta wanaouza vifaa vya mabwawa ya kuogelea, au wanaouza vifaa vya umwagiliaji, pale Kariakoo ukizunguka kwa subira utapata. Ukikosa kabisa chukua boli valvu ya PVC yenye yunioni mbili (viungio vya kufungua kwa mkono), itafanya kazi ila kuipatia ni shida kwa sababu inafunguka yote kwa robo mzunguko, ukiisukuma kidogo tu umepitiliza. Geti inazunguka mara nyingi ndo ifungue, kwa hiyo unaisogeza nywele kwa nywele. Kwenye saifoni hiyo tofauti ndo kila kitu, tumia hela hapo ubane kwingine.

Kingine, zile konekta za kwenye matenki ya maji ya juu ya nyumba, tenki konekta za plastiki, ndo hizohizo zinazotumika kwenye matundu ya akwariamu, na nadhani fundi wako ameweka hizo. Angalia mpira wake uko upande wa ndani wenye maji, upande wa ile sahani pana, siyo upande wa nati. Mpira ni mmoja, haukazwi kwa spana ya kufa mtu, ni mkono halafu robo mzunguko basi, ukikaza sana kioo kinapasuka. Na usipake silikoni kwenye mpira, unateleza na kukunjika. Kama hazivuji sasa hivi usiziguse kabisa.

Habari njema ni kwamba huhitaji kumwaga tangi lote. Boksi limetengwa na kioo chake, kwa hiyo zima pampu, toa maji ya juu mpaka yashuke sm 2 chini ya yale meno (mianya ya juu ya boksi ambamo maji yanaingilia), halafu toa maji ya ndani ya boksi kwa mpira, ni kama lita 18, ndoo moja. Ila fanya taratibu na uangalie ukuta wa boksi, kwa sababu sasa maji yanausukuma toka upande mmoja tu na kama silikoni yake ilipakwa kivivu itaanza kuvuja au utaona kioo kinapinda. Ukiona hivyo rudisha maji, tuongee upya. Ukiona kimya endelea. Jaribu kuzungusha yale mabomba yaliyosimama, mara nyingi yamesukumwa tu bila gundi, yatatoka kwa mkono.

Bomba la dharura, la inchi moja, likate mdomo wake uwe sm 4 chini ya mwanzo wa meno. Liko wazi, halina valvu, halina chujio la tundu ndogo, halina kitu. Mtu akikushauri uweke valvu hapo ili upunguze sauti, kataa. Bomba la saifoni, la robo tatu, mdomo wake uwe kama sm 15 chini ya mdomo wa dharura, uweke chujio lenye nafasi pana kiasi, konokono asiingie lakini jani la mwani lisizibe chujio zima. Likiwa juu zaidi ya hapo maji yanatengeneza kimbunga kidogo na kuvuta hewa, kelele inarudi. Kwa mpangilio huu maji ya kwenye boksi yatasimama sawa na mdomo wa dharura, kwa hiyo kutoka kwenye meno yanaanguka sm 4 tu badala ya kuporomoka chini kama maporomoko, nayo hiyo ni nusu ya ukimya unaoutafuta.

Chini ya tangi kata mabomba ya zamani kwa msumeno, weka yunioni kwenye kila bomba ili siku ya kusafisha ufungue kwa mkono. Geti valvu iwe chini karibu na sampu pale mkono unapofika bila kulala sakafuni. Ukitaka kona tumia elbo mbili za nyuzi 45 badala ya moja ya 90, na pasiwe na sehemu bomba linapanda hata kidogo, lote lishuke. Panga kila kitu kikavu kwanza bila gundi, weka alama kwa kalamu, ndo upake. Gundi ya PVC ipe saa 24, najua hamu ya kuwasha inakuwa kubwa lakini ipe, samaki wako watakaa na pampu ya mawimbi na jiwe la hewa siku hiyo moja bila shida.

Mwisho wa bomba la saifoni ndani ya sampu uzame sm 2 tu. Siyo 10. Hii inawachanganya wengi sana. Pampu ikiwaka, ndani ya lile bomba kuna hewa, na lazima maji yaisukume itoke kwa chini, ukizamisha sana hewa inashindwa kutoka na saifoni haianzi, maji yote yanaenda dharura. Na bomba la dharura mwisho wake uwe juu ya maji kabisa, hewani, ili siku likifanya kazi lipige kelele usikie. Mdogo wangu, hiyo kelele ni king'ora chako, usiizime.

Kuseti sasa. Fungua valvu yote, washa pampu. Dakika ya kwanza, ya pili, itakuwa vurugu, dharura itanguruma, povu litatoka kwenye sampu, usiogope, ni hewa inatoka. Halafu ghafla kutakuwa kimya na maji ya boksi yataanza kushuka kwa sababu saifoni inavuta kuliko pampu. Hapo anza kufunga valvu kidogo kidogo, subiri, angalia boksi. Ukipunguza zaidi maji yanapanda. Lengo ni yapande mpaka kijimkondo chembamba, unene wa kalamu, kiwe kinaingia kwenye dharura na kuteremka kikishika ukuta wa bomba. Wapo wanaosema dharura iwe kavu kabisa, na wana hoja, lakini mimi nimeona kwamba pampu na saifoni hazilingani kamwe kwa asilimia mia, leo pampu imechoka kidogo, kesho mwani umeota kwenye chujio, volti imeshuka, ukiacha kavu boksi litakuwa linapanda na kushuka na utakuwa unaishi kwenye valvu. Hako kajimkondo ndo kanameza tofauti. Kila ukigusa valvu subiri dakika kumi kabla hujagusa tena, maji yanachelewa kujibu, wengi wanaharibu hapa kwa haraka.

Ukipata, zima swichi. Subiri maji yote yashuke. Washa. Fanya hivyo mara tano, sita, kwa sababu hicho ndicho umeme utakachokufanyia na luku itakachokufanyia. Kila mara saifoni lazima ianze yenyewe bila wewe kugusa kitu. Halafu ziba mdomo wa saifoni kwa kitambaa na uangalie kama dharura peke yake inabeba maji yote bila tangi kufurika. Usiniambie "itabeba tu", iangalie kwa macho yako ukiwa nyumbani na ndoo pembeni.

Sasa turudi kwenye kalamu na hesabu tena kwa sababu hapa ndo roho yangu ilipo. Mabomba yote duniani yanaweza kuziba. Valvu inaweza kuharibika. Kwa hiyo mimi nataka tangi ambalo hata mabomba yote yakinisaliti, maji hayana pa kwenda isipokuwa ndani ya vioo vyangu. Iko pande mbili. Upande wa kwanza, umeme umekatika, maji yanashuka. Kwa mpangilio mpya juu itashuka kama sm 2, lita 12, boksi litatoa lita 6 mpaka kufika mdomo wa saifoni, mabomba lita moja, jumla 19 hivi, sawa na sm 6 kwenye sampu yako. Ukiendesha sm 20 itafika 26. Uko salama na nafasi imebaki. Ila usiniamini mimi na hesabu yangu: zima pampu, acha maji yote yashuke, jaza sampu mpaka sm 5 kutoka ukingoni, washa pampu, maji yakitulia chora mstari mwekundu kwa maka pena kwenye chumba cha pampu. Usijaze kupita mstari huo maisha yako yote, wewe wala dada wa kazi wala shemeji aliyekuja kukulishia samaki ukisafiri. Mwandikie pembeni.

Upande wa pili watu hawaufikirii. Mabomba yote ya kushusha yameziba, pampu bado inapandisha. Itapandisha mpaka chumba chake kwenye sampu kiishe maji. Pima chumba hicho. Kama kina upana wa sm 25, kwa 40, na maji sm 20, pampu ikianza kuvuta hewa yakibaki sm 6, basi imepandisha lita 14. Juu kila sentimita ni lita 6, kwa hiyo unahitaji nafasi ya sm 2 na nusu kati ya uso wa maji na ukingo wa tangi. Acha 4, una lita 24. Hapo hata kila kitu kikiziba sakafu yako ni kavu, pampu tu itapiga kelele. Chumba cha pampu kikiwa kikubwa sana, kipunguze kwa kuhamisha kioo cha kati. Na kama utaweka kile kifaa cha kujaza maji kiotomatiki, kumbuka chumba cha pampu kikiisha maji chenyewe kitaona upungufu na kuongeza maji baridi (yasiyo na chumvi) juu ya balaa, kwa hiyo dumu lake lisizidi lita 8.

Hapo hapo kwenye kujaza. Kwa joto la Dar maji yanakauka kila siku na utaona yanapungua kwenye chumba cha pampu tu, kwingine hayatikisiki. Yaliyokauka unarudisha kwa maji baridi safi, chumvi haikuondoka. Lakini yaliyomwagika sakafuni juzi yalikuwa na chumvi yake, gramu 35 kwa lita, lita 19 ni karibu gramu 665. Kama ulijazia maji ya bomba, chumvi imeshuka, pima leo, irudi 1.025 (kipimo cha uzito wa maji chumvi ukilinganisha na maji matupu) taratibu ndani ya siku mbili tatu, siyo kwa pigo moja.

Umeme, nimeahidi. Ekstensheni itoke sakafuni, ifungwe ukutani ndani ya kabati juu kuliko ukingo wa sampu na pembeni yake, isiwe juu ya maji. Kila waya uning'inie ushuke chini ya soketi kwanza ndo upande kuchomeka, ili tone likifuata waya lidondokee chini lisiingie kwenye soketi. Na mwambie fundi umeme akuwekee ile breka ya kukata umeme ukivuja, ya miliampia 30, kwenye laini ya tangi. Hili usiliahirishe mpaka mwisho wa mwezi, una watoto hapo ndani wanaingiza mikono kwenye maji.

Baada ya hapo kazi inayobaki ni ndogo. Chujio la saifoni lisafishe kila wiki ukilisha samaki. Kila miezi sita fungua yunioni, toa mabomba na valvu, loweka kwenye siki usiku mmoja, chokaa yote itaachia, suuza rudisha. Ukisikia dharura inaanza kuongea zaidi ya kawaida kati ya hapo, usikimbilie valvu, nenda kaangalie chujio kwanza, mara nyingi utakuta konokono amekaa hapo. Ukishanunua geti valvu nitumie picha yake kabla hujagundisha, pamoja na picha ya chini ya boksi, nione konekta zako zilivyokaa.